Naomba ushauri: somo la Luka 15 Alhamisi hii

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Alhamisi nafundisha kwenye kikundi chetu cha nyumbani, watu 12, wengi wamenizidi umri. Nimepewa mwana mpotevu, hadithi ninayoijua tangu utotoni. Juzi usiku nikakwama mstari wa 28: baba alitoka nje kumsihi hata yule mwana mkubwa, aliyekasirika akakataa kuingia kwenye sherehe ya mdogo wake aliyerudi. Kumbe alitoka kwa ajili ya wote wawili! Na hatuambiwi kama kaka aliingia ndani. Nikarudi mstari wa 2, Mafarisayo, wale washika dini, wananung'unika kwamba Yesu anakula na wenye dhambi, sawa na yule kaka; machozi yakanitoka.

Nimeandika kurasa nne, bado ni mahubiri, si somo la kujadiliana. Kwa dakika 45, nichukue sura nzima au nibaki na kaka mkubwa? Na nianze na swali gani, ili mzee mmoja aliyekosana na mwanawe asidhani namsema yeye?