Naomba ushauri: buibui jeusi linatoka rangi ya biringani, je, niiuze kamera hii?

Binti wa Kibokoni

Assalamu alaikum, wanabaraza. Miezi mitatu iliyopita nilinunua kamera ya mtumba kwa mtu aliyerudi kutoka Dubai. Ni renjifainda ya dijitali, yaani ile ambayo mpigaji haoni kupitia lenzi, bali hutazama kidirisha cha juu na kulinganisha taswira mbili mpaka ziwe moja. Jina la kampuni siliandiki, kwa kuwa sitaki uzi huu ugeuke ubishi wa majina. Itoshe kusema kwamba ni miongoni mwa zile za mwanzo, na lenzi yangu ni moja tu, ya milimita 35.

Sina nia ya kupiga picha za harusi. Ninachotaka ni picha za kila siku hapa Mji wa Kale wa Mombasa: muuza kahawa na mabirika yake, watoto wakitoka chuoni, viazi karai vya jioni, paka wa Ndia Kuu. Shida zangu ni mbili. Kwanza, mtu anayetembea hunitokea na ukungu, maana nikimaliza kulinganisha taswira yeye ameshapita. Pili, na hili ndilo lililonikera, Ijumaa iliyopita nilimpiga bibi yangu barazani akiwa amevaa buibui lake jeusi, na picha ilipofunguka kwenye kompyuta buibui lilikuwa rangi ya biringani, ilhali tairi la tuktuk lililokuwa nyuma yake limebaki jeusi kama kawaida. Ndugu zangu wamecheka wakachoka. Je, kamera ni mbovu, au mbovu ni mimi?

Fundi wa Makadara

Waalaikumu salaam, dada. Wewe huna kosa, na kamera yako haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Nguo nyingi nyeusi za nyuzi za kiwandani hunyonya mwanga tunaouona, lakini huurudisha mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni ila kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea picha, kinauona. Kwa kawaida mbele ya kihisi huwekwa kioo cha kuuzuia. Katika renjifainda lenzi hukaa karibu sana na kihisi, na mwanga hufika pembeni ukiwa umeinama, hivyo kioo kinene huharibu pembe za picha. Katika kamera za mwanzo kioo hicho kiliwahi kufanywa chembamba mno, ukali wa picha ukapatikana, na biringani likaja nalo. Tairi limesalimika kwa sababu mpira wake una masizi, na masizi hunyonya mwanga wote, unaoonekana na usioonekana.

Dawa yake ni filta ya kuzuia infraredi, inayofungwa mbele ya lenzi. Soma kipimo cha upana wa filta kilichoandikwa kwenye ukingo wa lenzi yako kabla ya kuagiza (yangu ni milimita 39), wala usikubali kuuziwa filta ya kawaida ya UV, kwa kuwa hiyo haizuii infraredi hata kidogo. Filta ikikawia, igeuze picha ya bibi iwe nyeusi na nyeupe. Usijaribu kuiondoa zambarau kwa kurekebisha rangi ya picha nzima, maana utalipata buibui na kuupoteza uso.

Mkaa Tudor

Mimi nilikuwa nayo kamera ya aina hii kwa mwaka mzima, nikaiuza na sijajuta. Watoto wangu hawakai nikalinganisha taswira, na simu huwapata kila mara. Kifaa cha kufurahia maisha hakipaswi kuhitaji somo la fizikia na filta ya kuagiza ng'ambo.

Ami Nahodha

Mwanangu, usiiuze kwanza. Mkaa Tudor amesema kweli kuhusu watoto wake, lakini amekosea kudhani kwamba kila picha lazima mtu alinganishe taswira. Pete ya lenzi yako ina namba za mita. Iweke kwenye mita 3, tundu la lenzi liwe f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), na kila kilicho kati ya takriban mita 2 na mita 5 kitatoka safi bila wewe kugusa kitu. Hapo kamera yako ni ya haraka kuliko simu yoyote, kwa sababu haina cha kutafuta.

Sharti ni kuijua mita 3 kwa macho. Sisi tuliokulia majini tulipima kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ambayo ni kama mita 1.8, mita 3 ni pima moja na nusu na kitu kidogo. Chukua kamba, ipime barazani kwako, kisha uizoee kwa wiki moja: kutoka baraza hadi mlango wa jirani, kutoka kona hadi meza ya kahawa. Kwa jua letu la mchana, ISO 160 (yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga) na f/8, anza na kasi ya karibu 1/640 ya sekunde. Ukiingia kichochoroni, fungua hadi f/4 na 1/320, halafu utazame skrini ya nyuma na kurekebisha.

Anapokaa mtu, kama bibi yako, hapo ndipo ulinganishe taswira. Tafuta mstari uliosimama wima, kwa kuwa taswira ya pili husogea kulia na kushoto tu. Mfaa wa mlango wa kuchongwa hufaa sana, au ukingo wa ushungi. Mstari uliolala utakudanganya.

Jambo la mwisho: peleka pete kwenye alama ya masafa yasiyo na mwisho, kisha utazame mnara wa msikiti ulio mbali. Taswira zisipokutana, kipimo cha masafa kimeteguka, na hiyo ni kazi ya fundi. Usiingize bisibisi.

Mama wa Mkomani

Wanaume mmesema mita na filta, nami naongeza neno moja. Muuza kahawa umsalimie na unywe kikombe kwanza, na picha umwombe; ukirudi, mpelekee iliyochapishwa. Hawa ni jirani zako, si mandhari. Na kamera hiyo usiilaze kabatini katika hewa yetu ya chumvi. Itie katika mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, la sivyo kuvu itaota ndani ya lenzi.

Binti wa Kibokoni

Ahsanteni nyote. Mnara nimeutazama, na taswira zimekutana barabara. Kamba niliifunga kwenye nguzo ya baraza, na sasa hata watoto wa mtaa wananitangazia, "Mita 3!" kila wanaponipita, jambo ambalo halinisaidii kupiga picha za siri lakini limenisaidia kuzipima. Katika picha 40 za jana, 26 zilitoka safi. Nne zilitoka nyeusi tititi, kwa kuwa kidirisha hakikunionyesha kwamba nilisahau kufunua kifuniko cha lenzi. Mkaa Tudor, naomba usicheke.

Muuza kahawa amekubali, kwa sharti kwamba birika lake lionekane lote. Filta nimeiagiza. Bibi naye yuko tayari kupigwa tena, ila ameuliza kama safari hii atatoka mweusi, au avae kabisa kanga ya zambarau tuyamalize.