Nina 1,200,000, nataka kufungua chipsi Morogoro. Wazoefu, kuna kitu sikioni?

Kijana wa Kihonda:
Wakuu, habari za majukumu. Nimeonyeshwa fremu ndogo huku Kihonda, jirani na kijiwe cha bodaboda. Kodi ni elfu 50 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo laki tatu inaondoka hapohapo. Mpango ni kuajiri mkaangaji mzoefu, mimi niendelee na kibarua changu, jioni napita kuchukua hesabu. Nimepiga mahesabu ya gunia moja la viazi, faida naiona. Naombeni uhalisia.

Sina Haraka:
Chipsi kila kona mkuu. Uza mkaa, hao wote watakuja kwako.

Mzee wa Karai:
Dogo, biashara ipo, watu wanakula chipsi masika na kiangazi. Ila hapo kwenye "jioni napita kuchukua hesabu" ndipo hela itakapopotelea. Hesabu gani? Umemwachia mtu viazi, mafuta na karai, wewe hujui ndoo moja ya viazi vilivyomenywa inatoa sahani ngapi. Akikwambia "bosi, leo kumepoa, hii hapa elfu arobaini", utambishia kwa lipi?

Kaa kwenye karai mwenyewe kwanza. Omba likizo, fungua usiku tu, vyovyote vile. Chukua ndoo ya lita 20, uza mpaka iishe, andika sahani zilizotoka na mafuta yaliyokwenda. Viazi vikibadilika, pima tena. Ukishakuwa na namba hizo, ajiri hata ndugu yako.

Watakwambia mayai ndiyo mlinzi, kwa sababu trei ina 30 na zege, yaani chipsi mayai, inahesabika. Kweli nusu. Mimi hapa Tabata nilikuwa na kijana fundi haswa, mayai yangu jioni yanabaki mengi na wateja nawaona kwa macho. Nikaanza kutia kila yai kinukta cha kalamu kabla ya kumkabidhi. Usiku nikapekua ndoo ya taka: maganda mengi hayana nukta. Alikuwa anakuja na trei yake, anauza mayai yake kwa mafuta yangu, chipsi zangu na mkaa wangu. Tuliachana bila ugomvi, sasa ana kibanda chake, na tukikutana ananiita mzee.

Halafu hilo gunia ulilopigia mahesabu, viazi gani? Viazi vichanga, ambavyo ganda linavuka ukisugua kwa kidole gumba, vina maji mengi: vinakunywa mafuta na chipsi inalegea kama mlenda. Vilivyokaa kwenye baridi kali vinaongezeka sukari, chipsi inakuwa nyeusi nje na ndani bado. Vyenye ukijani usimpe mtu. Mimi nakata kimoja mbele ya muuzaji, maji yakichuruzika namuaga. Wewe una bahati, magari ya viazi kutoka Njombe na Mbeya yanapita hapo Moro kabla hayajafika kwetu.

Mama Risiti:
Nyongeza kwa mdogo wangu: usisahau TRA. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, asikudanganye mtu wa kati. Kwenye makadirio, asiyelipa kodi ya mapato ni yule ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Mauzo, siyo faida! Hiyo ni kama elfu 11 kwa siku, na kibanda cha chipsi kikiuza hivyo kimekufa. Kwa hiyo utalipa, na unaweza kulipa kwa awamu nne. Weka daftari la mauzo tangu siku ya kwanza, maana kwenye yale madaraja ya chini mwenye kumbukumbu anakadiriwa tofauti na asiye nazo.

Na hiyo kodi ya miezi sita, mbembeleze mwenye nyumba akupe mitatu. Laki na nusu itakayobaki ni viazi na mafuta, chipsi hazikaangwi kwa fremu.

Kijana wa Kihonda:
Asanteni sana, wakubwa. Nimeongea na mwenye nyumba, mitatu kakubali kwa shingo upande. Kazini nimeomba zamu ya asubuhi, nitakaanga mwenyewe kuanzia saa kumi na moja jioni. Mzee wa Karai, kumenya nako nifanye mwenyewe?

Mzee wa Karai:
Hapana, utafika kwenye karai umechoka. Tafuta mama wa jirani, mlipe kwa ndoo. Mwambie aviache vizima ndani ya maji, kukata ukate wewe, vipande vikipishana unene vingine vinaungua vingine vibichi. Na maganda usitupe, ulizia wafuga nguruwe hapo mtaani.

Sina Haraka:
Mkaa utanunua kwangu lakini.