Mjadala: Halmashauri izuie katapila mpaka vifaa ving'olewe?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2017 nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, watu walikimbizana kung'oa mabati, milango na madirisha kabla katapila halijafika. Aliyechelewa aliachiwa kifusi. Hoja yangu: kibali cha kubomoa kisitoke bila muda wa kung'oa. Portland, Marekani, wana sheria hiyo tangu 2016. Nyumba iliyojengwa 1916 au kabla inavunjwa kwa mikono, na baadaye wakasogeza mpaka 1940. Sisi tunafukia mbao za mvule na mninga kisha tunalalamika mbao zimepanda bei. Nani anapinga?

Fundi wa zege: Mimi. Nondo iliyopinda ukainyoosha kwa nyundo imeshachoka, na hapohapo ndipo itakapokatikia. Jengo la Kariakoo lilianguka Novemba 2024. Sisemi sababu ilikuwa nondo za mtumba, ila sitaki kuziona kwenye nguzo ya mtu. Halafu tofali. Nyumba za chokaa, kama za Mji Mkongwe, jiwe linabanduka zima. Ukuta wa saruji ukiugonga, tofali linapasuka kabla saruji haijaachia. Sheria yenu itafaa nyumba za wazee wetu, hizi za juzi hazing'oleki.

Mwenye kiwanja: Na gharama je? Katapila linamaliza kwa siku mbili tatu, mafundi wa kung'oa watakaa wiki kadhaa, riba ya benki inatembea. Punguzeni ada ya kibali kwanza, ndipo mnipangie.

Mleta mada: Fundi, nondo ziende kuyeyushwa, zege lisagwe likashindilie barabara, hapo hatugombani. Lakini mlango wa mninga haubebi ghorofa! Fremu, vigae, masinki, mabati mazima, hivyo havina hoja ya uimara. Mwenye kiwanja, ada ipungue, naunga mkono. Ila wapo wavunjaji wanaokulipa wewe ili wachukue vifaa. Umeshapiga hesabu hiyo, au umeangalia bei ya katapila tu?

Mwenye kiwanja: Wanalipa kwa nyumba yenye mbao nzuri. Yangu ni tofali na singibodi.

Bibi Afya: Mmesahau paa. Majengo mengi ya zamani, shule zikiwemo, yameezekwa kwa asbesto, yaani shiti za saruji zenye nyuzi za madini, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mkisema "ng'oa kwa mikono", anayepanda juu na msumeno ni kijana wa kibarua asiye hata na barakoa. Nani atakagua paa kabla hajapanda, na nani atamlipa mkaguzi?