Babake babu alifia "City Lodge" Cardiff 1934, hii ilikuwa loji ama nini?

MjukuuWaKuze
Assalam aleikum wadau. Nina swali na naomba msinicheke. Babake babu yangu alikuwa baharia, alipanda meli za Waingereza hapa Mombasa vita vya kwanza vilipokwisha, kazi yake kutia makaa kwenye tanuri, akawacha mke na mtoto mmoja hapa Kuze na hakurudi tena. Kitu pekee tulichobaki nacho ni karatasi moja iko kwenye kijaluba cha shangazi, imepigwa taipu, ina jina lake, 1934, halafu City Lodge, Cardiff. Mwezi hausomeki. Sasa kwetu hadithi miaka yote ni kwamba alifia loji, yaani mzee alikuwa na pesa zake, akakodi chumba, akaugua usiku. Nimeigugo hiyo loji mpaka nimechoka, napata hoteli za kufanyia harusi tu. Shangazi ana miaka 81 na kila hitma lazima amtaje, anataka kujua alikufa na nini na kazikwa wapi. Jina lake silitaji hapa, ila ni la kawaida sana, ukiliita Marikiti watageuka watu kumi.

Serang_Mstaafu
Waleikum salam mwanangu. Mimi nimekula chumvi ya melini miaka mingi na Cardiff, ile bandari ya Wales, nimeshuka, kwa hivyo ntakwambia bila kukuzungusha. City Lodge haikuwa loji. Ilikuwa ile nyumba ya maskini ya Cardiff, iko Cowbridge Road. Waingereza tangu sheria yao ya 1834 walikuwa na hizi nyumba kila wilaya, mtu akishindwa kujilisha anaingizwa, anapewa uji na kitanda, na yeye afanye kazi, wanaume kuvunja mawe ama kuchambua kamba kuukuu za meli. 1930 zile bodi zilizokuwa zikizisimamia zikavunjwa, nyumba zikaenda kwa serikali za miji, na nyingi zikabadilishwa jina ili zisinuke. Hiyo ya Cardiff ndiyo ikaitwa City Lodge, baadaye 1948 ikawa hospitali ya St David's.

Lakini usiende kumwambia shangazi yako kuwa mzee alikufa akiomba omba, subiri kwanza. Hizi nyumba zilikuwa na wodi za wagonjwa, na baharia mgeni asiye na mtu wa kumuuguza akishikwa na kifua kikuu atapelekwa wapi? Na miaka hiyo ya 1930 kazi za meli zilikuwa zimekauka kabisa, mabandari yamejaa wanaume wamekaa tu.

BintiFaili
Kaka, Serang amesema kweli tupu. Mimi kufukua makaratasi ndio ugonjwa wangu, kwa hivyo vumilia nitaandika refu.

Anza na cheti cha kifo, usirukie kwingine. Uingereza na Wales vifo vinaandikishwa tangu 1837 na faharasa yake iko bure kwenye mtandao wa FreeBMD. Mwaka wameugawa robo nne, kwa hivyo huo mwezi usiosomeka usikusumbue, weka 1934 yote, wilaya Cardiff, halafu jaribu jina kila namna. Na nikisema kila namna namaanisha kila namna, karani wa kule alikuwa akiandika anachosikia, "bin" anaitupa, jina la baba analifanya la ukoo, Salim inakuwa Saleem ama Sallim, mara nyingine wamegeuza la mbele likawa la nyuma. Ukipata anayefanana kwa umri, agiza cheti chenyewe, ni pauni 12 na kitu na wanatuma mpaka huku.

Cheti kikija usisome sababu ya kifo peke yake. Angalia ile sehemu ya nani alitoa habari za kifo. Ikiwa ni afisa wa ile nyumba basi alikufa kwa ugonjwa wodini. Ikiwa imeandikwa habari zimetoka kwa korona (si ile ya 2020, huyu ni ofisa wa kuchunguza vifo vya ghafla na vya ajali) hapo ujue kulikuwa na uchunguzi na tarehe yake utaikuta hapo hapo. Ubaya ni kwamba mafaili ya makorona mengi yalitupwa, kisheria walikuwa hawalazimiki kuyaweka zaidi ya miaka 15. Dawa yake ni magazeti, maana mwandishi alikuwa akikaa pale anaandika mashahidi wote. Lile hifadhi la bure la magazeti ya Wales linaishia 1919, kwa hivyo la 1934 itabidi ulipie British Newspaper Archive mwezi mmoja.

Vitabu vya hiyo nyumba ya maskini vilivyobaki uliza Glamorgan Archives, hifadhi ya nyaraka za zamani hapo hapo Cardiff. Kulikuwa na madaftari ya kuingia na kutoka, umri, kazi, wakati mwingine hata dini. Za wagonjwa mara nyingi hufungwa miaka 100, na 1934 haijafika, lakini waandikie ueleze wewe ni kitukuu na uwatumie cheti. Kuuliza si ujinga.

Mtu_wa_Likoni
Mwacheni marehemu apumzike jamani. Mtafukua mpaka mkute mke mwengine huko na watoto wa Kizungu mje mgawane nyumba ya Kuze.

MjukuuWaKuze
@Mtu_wa_Likoni hiyo nyumba yenyewe ya makuti, waje tu 😂

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Nyinyi mna bahati mtu wenu alifia ughaibuni. Mimi natafuta nyanya yangu alifia hospitali hapa hapa Mombasa 1951, nimekwenda mara tatu, mara ya tatu kijana akaniambia hizo daftari zililiwa na mchwa zamani, na ananiambia huku anakula njugu. Sitaji ni wapi. Halafu nikaja kujua hata cheti pengine hakikuwahi kuwepo, maana kuandikisha vifo kulianzia kwa Wazungu 1904, Wahindi wakafuata 1906, sisi weusi ikawa lazima nchi nzima 1971. Kilichonisaidia mimi ni mashamba. Ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwalazimu watu wa pwani waende wakadai viwanja vyao, na ukidai unataja umerithi kwa nani, naye alirithi kwa nani. Huko nimepata nasaba vizazi vitatu ambavyo hospitali isingenipa kamwe. Mwanangu, kama mzee aliwacha kiwanja, kaulizie pia kwa Kadhi, kuna mtu lazima aligawa mirathi 1934 ama baada yake.

Serang_Mstaafu
Bi Mkubwa umenikumbusha. Mjukuu, ukitafuta usimtafute kama mtu wa Kenya. Huu ukanda wetu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza alikuwa amekodi, kwa hivyo baharia wa Mombasa akiulizwa wewe raia wa wapi, kwa makaratasi yeye ni mtu wa Sultani. Wengi utawakuta wameandikwa wazaliwa wa Zanzibar, wengine hata Aden. Na 1925 Waingereza walitoa amri mabaharia weusi wasio na karatasi za uraia wakajiandikishe polisi kama wageni, Cardiff ndiko walikobanwa hasa.

BintiFaili
Na kabla sijasahau. Ikiwa alipanda meli baada ya vita, kuna kadi za mabaharia wa meli za biashara za 1918 mpaka 1921, ziko hifadhi ya nyaraka ya mji wa Southampton, Uingereza, na zile kadi zina PICHA. Urefu, rangi ya macho, chale, na picha ndogo kama ya pasi.

MjukuuWaKuze
Nimerudi. FreeBMD nimepata wawili, mmoja miaka 63 huyo siye, mwengine miaka 41, robo ya Juni 1934, Cardiff, jina wameliharibu lakini ukilisoma kwa sauti ni yeye. Nimeagiza cheti. Southampton nimewaandikia.

Shangazi nimemwambia jana baada ya Isha. Nilianza na habari ya hospitali nikaja kwa nyumba ya maskini polepole. Hakulia. Aliuliza je hicho cheti kitakuwa na jina la mamake yule mzee, nikamwambia Waingereza kwenye kifo cha mtu mzima hawaandiki mama wala baba. Akanyamaza sana. Kisha akanambia chukua kalamu, akanitajia mamake, na mamake wa mamake, na mtaa, na kaburi liko upande gani wa mkwaju, akasema mtumie huyo mtu wa Cardiff aandike pale pembeni.

@BintiFaili wanakubali kuandika pembeni?

BintiFaili
Kwenye daftari la zamani hawagusi. Lakini barua yako wataiweka kwenye faili. Andika yote, mpaka mkwaju.