Tulikubaliana sura yangu isionekane, sasa iko Telegram

Wadau, hasira imenifika kooni. Mnaofanya kazi hii ya video za watu wazima hapa Nairobi mtanielewa haraka. Waliokuja kuhubiri, uzi huu si wenu.

Huu ni mwaka wangu wa tatu. Sina kampuni wala meneja, nina simu, taa ya duara na chumba changu Roysambu. Ukurasa wangu uko OnlyFans, mtandao ambako mashabiki hulipia kutuona, na wenyewe wanakata asilimia 20 kabla sijaona hata dola moja, halafu kuzifikisha pesa huku nako kuna makato. Ndiyo maana kolabo, yaani kurekodi na mwenzako wa kazi, kwetu ni chakula. Mashabiki wake wanakuona, wako wanamwona, kila mmoja anauza kwake. Ushindani upo, sikatai. Tunavizia wateja walewale na tunachunguliana bei. Lakini mkikubaliana mmekubaliana.

Huyu dada niliyerekodi naye tulikubaliana. Tulikodi nyumba Kilimani siku mbili, tukachanga nusu kwa nusu. Vitambulisho vikatolewa, fomu za ridhaa tukajaza sote. Masharti yangu yalikuwa mawili tu: sura yangu isionekane, na video isitoke nje ya kurasa zetu. Nilivaa barakoa nyeusi muda wote. Katikati ya kazi kamba ya sikioni ikakatika, tukasimama, nikaenda dirishani kuifunga fundo. Nikamuuliza, "Umezima?" Akajibu, "Nimezima, mpenzi, usijali."

Hakuwa amezima.

Wiki jana kipande hicho, sekunde 11, kimewekwa kwenye kundi la Telegram kama kionjo cha kuvutia wateja. Mwanga wa dirisha umenimulika uso mzima, hadi kovu la kidevuni linaonekana. Chini yake ameandika kwamba nimeacha kazi, wateja wangu wahamie kwake. Watu 14 wameacha kunilipia tangu Jumatatu. Badala ya hao nitatafuta wengine. Lakini binamu yangu yumo kwenye kundi lile. Nimejua kwa sababu alinitumia skrinishoti usiku, bila neno hata moja, na mpaka leo hapokei simu yangu.

Nilipompigia huyo dada aliniambia biashara ni biashara, kama nimeonewa niende polisi. Anajua anachosema! Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamshika anayesambaza picha za siri za mtu: faini hadi shilingi 200,000, au jela hadi miaka miwili, au vyote. Lakini nikifika pale kaunta nitaulizwa kwanza nilikuwa nafanya nini, na kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kuhusu picha chafu kinaweza kutubeba sote wawili. Hapo ndipo alipoegemea. Hofu tunayolala nayo sote ndiyo anayonipigia.

OnlyFans nimewaandikia kwamba ridhaa yangu nimeiondoa. Telegram nimeripoti mara sita, kipande bado kipo. Aliyewahi kufanikiwa kuondoa kitu kule alifanyaje? Na wakili asiyemcheka mtu wa kazi hii, tafadhali nitumieni namba yake faraghani.

Na wewe, dada, najua unasoma hapa. Kifute leo, na palepale ulipokiweka uandike kwamba sijaacha kazi.