Tupeane uzoefu: kusaga meno usingizini

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu. Naomba tupeane uzoefu kuhusu kusaga meno usingizini, tatizo ambalo mwenye nalo mara nyingi hajisikii, ila yule anayelala naye chumba kimoja. Mume wangu husaga kwa sauti inayoniamsha, na asubuhi huamka taya zimekaza na kichwa kikimuuma kwenye mapanja. Nyumbani wazee wameshaamua kuwa ni minyoo, na dawa ya minyoo ameshameza bila kuona nafuu yoyote. Aliyepitia haya aeleze kilichomsaidia.

Mchangiaji, Tanga
Pole sana, dada. Mimi niliona dalili kwenye meno kabla ya kuambiwa kwamba nasaga: maji baridi yalinitia ganzi, na jino lililokuwa limezibwa likavunjika nikila wali. Daktari wa meno alinionyesha kwa kioo jinsi magego yalivyolika upande wa kutafunia hadi kuwa bapa, akanieleza kwamba tabaka gumu la nje la jino likishaondoka halioti tena. Alichukua alama ya meno yangu kwa ile dawa laini inayoganda mdomoni, nikatengenezewa kifuniko cha plastiki ngumu ninachovaa kila ninapolala. Tafadhali mweleweshe shemeji kwamba kifuniko hicho hakikomeshi kusaga. Kazi yake ni kupokea msuguano ambao meno yangeupokea, na ndiyo maana chenyewe hulika na kuhitaji kubadilishwa. Mwanzoni mate hujaa mdomoni na usingizi unasumbuka, lakini mtu huzoea. Kikibana, arudi kirekebishwe badala ya kukiacha kabatini, na akisafishe kwa mswaki na maji ya kawaida, kwani maji ya moto hukipinda.

Mchangiaji, Nakuru
Mimi ni mwalimu, na kwangu tatizo lilikuwa la mchana. Nikisahihisha mitihani nilikuwa nayabana meno bila kujitambua mpaka taya ziume. Nilifundishwa kwamba mtu asiyekula wala kumeza hapaswi kuwa na meno yanayogusana: midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi utulie juu nyuma ya meno ya mbele. Nilibandika kikaratasi mezani cha kunikumbusha, nikaacha kahawa ya jioni, na maumivu yamepungua sana.

Mzazi, Morogoro
Binti yangu alianza kusaga akiwa chekechea. Tulipima choo, hakuna minyoo iliyoonekana, na daktari akatutuliza kwamba watoto wengi husaga na wengi wao huacha kadiri wanavyokua. Kumpa mtoto dawa ya minyoo kwa ratiba ya kituo cha afya ni jambo jema kwa sababu zake nyingine. Kumrudishia dawa hiyo kila anaposaga hakuna faida.

Muuguzi, Mombasa
Nawaomba msiishie kwenye meno. Dada, mchunguze mumeo kama anakoroma, kama pumzi hukatika kisha akashtuka, na kama mchana husinzia hovyo, maana kukatika kwa pumzi usingizini huambatana na kusaga kwa baadhi ya watu, na huko ndiko kwenye hatari kubwa zaidi kwa sababu moyo na shinikizo la damu huathirika. Baadhi ya dawa za sonona, zikiwemo fluoksetini na setralini, zinaweza pia kuleta kusaga. Anayezitumia asizikatize mwenyewe, amweleze aliyemwandikia. Pombe, sigara na miraa navyo huchochea, na mawazo mazito vilevile.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Kukoroma anakoroma, na tangu kazi yake iyumbe hana utulivu, ingawa hasemi. Je, tuanze kwa daktari wa meno au kwa daktari wa kawaida?

Muuguzi, Mombasa
Kwa kuwa anakoroma, aanze kwa daktari wa kawaida na umsindikize wewe mwenyewe, kwa sababu maelezo ya usiku unayo wewe. Miadi ya daktari wa meno mwiombe wakati huohuo, meno yasiendelee kulika mkisubiri majibu.