Mjadala: Zanzibar mfungwa anaitwa "mwanafunzi". Tulikubali hili?

Wakuu, naomba tulijadili bila kejeli.

Bara tuna Jeshi la Magereza. Zanzibar wana Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa huko ni "mwanafunzi". Hata mpira umefuata: timu ya Mbeya ni Tanzania Prisons, Wajelajela wenyewe, ya Unguja ni Mafunzo.

Juzi ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe mama mmoja aliulizwa mwanawe yuko wapi.

"Yupo chuo."

"Mashallah! Anasomea nini?"

Mama akageukia dirishani. Aliyekaa nyuma akasema taratibu, "Cha Kilimani hicho." Gari zima kimya.

Mimi naona jina limepambwa tu. Mwanafunzi akitoroka kipindi anaitiwa mzazi. Huyu akitoroka anaongezewa kesi. Na kwa mtu wa pwani chuo ni kile cha Kurani kwanza, ulikokwenda na juzuu kwapani. Kinachoniudhi zaidi ni mahabusu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Muungano inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike ana hatia. Naye analala humo humo chuoni. Anafundishwa nini, na hakimu hajasema neno?

Mchangiaji, Unguja: Ndugu yangu, wewe walitetea "gereza" kama kwamba lilizaliwa na maana hiyo! Asili yake ni Kireno, igreja, yaani kanisa. Ngome Kongwe hapa Forodhani Waarabu wa Oman waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno, baadaye ikafungiwa watu. Kilwa Kisiwani ngome yao yaitwa Gereza mpaka leo, na hafungwi mtu. Maneno yahama, shekhe. Kaka yangu alitoka Kilimani na useremala. Kitanda nnacholalia katengeza yeye. Mtaani ni fundi. Wataka tumwite nani?

Mtoa mada: Fundi, na heshima yake. Lakini useremala kaupata kwa randa na msumeno, jina halikumfundisha kitu. Ukonga nako wanatengeneza samani nzuri sana, na pameendelea kuitwa gereza. Halafu la mahabusu umelikwepa.

Mchangiaji, Unguja: La mahabusu nakupa. Ila huyo hata sisi hatumwiti mwanafunzi. Twamwita mahabusu.

Mtoa mada: Kumbe tofauti mnaijua.